UZI: Jino zima, halina tundu, limetoka lenyewe. Tuzungumze kinachoshika meno

#1 Mwana wa Pongwe (mtoa mada)

Wanajamvi, salaam.

Jumamosi iliyopita baba yangu alikuwa anakula muhogo wa nazi nyumbani Pongwe, hapa Tanga. Akaacha kutafuna, akatia vidole kinywani, akatoa gego la chini. Hakusikia maumivu. Akaliosha, akaliweka kwenye kisosi, akanisubiri nirudi kazini. Nilipoingia, kabla hajaitikia shikamoo yangu, akanisogezea kile kisosi. "Wewe ndiye tabibu wa meno humu ndani. Jino hili zima. Halina tundu, halikuvunjika, halijaoza. Limetoka kwa kosa gani?"

Nikaligeuza kwenye mwanga. Alisema kweli, juu kote lilikuwa zima na gumu. Lakini mzizi ulikuwa umegandwa na ugaga mweusi, ule uchafu wa meno uliogeuka kama jiwe, karibu hadi nchani, na huko ugaga hauna ruhusa ya kufika. Swali lake limenikaa rohoni. Nimefanya kazi hii miaka tisa, na wagonjwa wetu huja na habari za jino peke yake: limetoboka, linauma, lizibwe, ling'olewe. Hakuna anayeuliza limeshikwa na nini.

Uzi huu ni wa hicho kilichoshika.

Wengi tunadhani jino limegongomewa mfupani kama msumari kwenye ubao. Halijagusana na mfupa hata kidogo. Kati ya mzizi na mfupa pana mwanya mwembamba, wastani wa milimita 0.2, kama unene wa karatasi mbili za daftari. Katikati ya mzizi hupungua zaidi, juu na chini hupanuka kidogo. Mwanya huo umejaa nyuzi. Ncha moja ya uzi imezama mfupani, ncha ya pili imezama kwenye mzizi. Hizo ndizo kano za jino. Jino lako limetundikwa kwa kamba, ndugu yangu, na limetundikwa pande zote.

Baba alikata mkonge miaka mingi, na alipoacha kazi akawa anasuka vitanda vya kamba. Kwa hiyo nilimweleza kwa kitanda. Mfupa wa taya ndio mfumbati. Kano ndizo kamba. Jino ndiye aliyelala. Mtu akijitupa kitandani, kamba zinabonyea, zinakaza, zinamrudisha. Mfumbati hauvunjiki kwa kuwa uzito umegawanywa kwenye kamba zote. Nyuzi nyingi za jino zimekaa mshazari: zinaanzia juu mfupani na kushuka hadi kwenye mzizi. Ukitafuna, jino linataka kuzama, nyuzi zinalikamata, na kile ambacho kingekuwa kipondo kwa mfupa kinageuka kuwa mvuto. Mfupa unaustahimili mvuto kuliko kipondo cha kila siku. Magego ya mtu mzima yanaweza kubana kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi. Bila kamba hizo taya lingekuwa limeshasagika zamani.

Na kamba hizi zina hisia. Mmewahi kula wali ukakutana na chembe ya mchanga? Taya linaachia lenyewe kabla hujaamua kuliachia. Habari ile imepelekwa na mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya kano. Jino lenyewe halikuhisi mchanga, aliyehisi ni kano.

Upande wa mzizi, ncha za nyuzi zimefungiwa ndani ya tabaka jembamba linaloitwa sementamu. Linafanana na mfupa, ila halina mishipa ya damu. Karibu na shingo ya jino ni jembamba kuliko unywele; chini nchani linanenepa, na linaendelea kuongezeka maisha yote. Upande wa pili kuna mfupa wa tundu la jino, yaani shimo ambamo jino limekaa. Nyuzi zinazoingia humo zimepewa jina la Mskoti William Sharpey, mwanaanatomia wa karne ya 19, zinaitwa nyuzi za Sharpey.

Juu ya vyote hivyo kuna fizi. Kwa hiyo wenyewe ni wanne: fizi, kano, sementamu, mfupa. Jino la baba lilikuwa zima kabisa, wanne hawa ndio waliokufa mmoja baada ya mwingine.

Karibuni.

#2 Binti Chumbageni

Nimeweka kambi hapa. Tabibu, mimi fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, hasa meno ya chini ya mbele na huku nyuma kushoto. Nimeamua hizo sehemu niwe naziruka nisije nikazichubua zaidi. Nimefanya vizuri?

#3 Mgosi wa Barabara ya 12

Mgosi, asante kwa somo. Mimi fizi zangu ni nyeusi tangu utotoni, na za mwanangu vilevile. Kuna mtu kaniuzia dawa ya kusukutua akasema weusi ule ni ugonjwa, nikisukutua miezi mitatu zitakuwa za waridi. Elfu kumi na tano chupa. Nimeshamaliza mbili.

#4 Mwana wa Pongwe

Mgosi, usinunue ya tatu. Weusi wa fizi ni rangi tu, ileile melanini ya ngozi. Kwetu sisi fizi nzima inaweza kuwa ya waridi, ya kahawia, nyeusi, au ya mabakamabaka, na zote ni uzima. Cha kuangalia ni kama rangi imebadilika kutoka ilivyokuwa: mahali palipokuwa peusi pamekuwa pekundu na pamevimba, pamekuwa laini, panang'aa. Fizi nzima inabana jino, ukingo wake ni mwembamba, na ukiikausha kwa kitambaa ile sehemu iliyoshikamana na mfupa mara nyingi utaona ina vidoadoa vya kubonyea, kama ganda la chungwa. Sisi wa Tanga hatuhitaji kufundishwa ganda la chungwa, Muheza si mbali. Mwenzio akiwa hana vidoa hivyo asiingie hofu, wapo watu wazima wa afya wasio navyo.

Binti Chumbageni, lako nalijibu kwa urefu kwa kuwa ndilo linalong'oa watu meno.

Ukingo wa fizi haujagandana na jino moja kwa moja. Kuna mfereji mdogo unalizunguka jino, kina chake kwa mtu mzima wa afya ni milimita 1 hadi 3. Kwenye sakafu ya mfereji huo ndipo fizi inaposhika jino, kwa safu nyembamba ya seli zinazojibadilisha kila baada ya siku chache. Hiyo safu ndiyo kalafati yako. Chombo chochote cha mbao kinaelea kwa sababu mianya ya mbao imejazwa pamba na kupigiliwa. Kalafati ikilegea, maji hayakuulizi. Mwili mzima huu, sehemu ambayo kitu kigumu kinatoboa ngozi laini na kutokeza nje kwenye uchafu, na bado pamezibwa, ni hapo kwenye meno.

Sasa, kila saa kinywani kunajengeka utando laini, ule ukoga unaousikia kwa ulimi asubuhi. Ni bakteria. Usipoondolewa, unakaa ukingoni na kwenye ule mfereji, fizi inatuma askari wake, mishipa ya damu inatanuka, ngozi ya ndani ya mfereji inakonda na kuchubuka. Ukigusa kwa mswaki, damu. Mswaki haukuleta jeraha. Jeraha lilikuwapo, mswaki umelionyesha.

Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Wakarudi kwenye mswaki, na baada ya wiki moja hivi fizi zikawa kama mwanzo. Hilo ndilo jambo la kushika: katika hatua hii ya fizi peke yake, kila kitu kinarudi.

Kwa hiyo dada yangu, unaporuka hizo sehemu unawalisha hao bakteria. Chukua mswaki laini, ulaze kidogo uelekee kwenye fizi, zungusha taratibu pale penye damu, asubuhi na kabla ya kulala. Siku za mwanzo damu itatoka. Vumilia. Tuhesabu siku, uje uniambie hapa.

#5 Binti Chumbageni

Naanza leo usiku. Nitarudi.

#6 Nahodha Mstaafu

Tabibu, umenigusa kwa kalafati. Nimekaa baharini miaka thelathini na moja, Tanga, Pemba, Unguja, Mombasa. Nikwambie kitu ambacho pengine hukukijua. Chombo hakianzi kuvuja pale unapoona maji. Pamba inaoza ndani kwanza, juu rangi bado nzuri, mafuta ya sifa umeyapaka, chombo kinapendeza. Ukija kuona maji tumboni mwa chombo, ubao nao umeshaingia wadudu na umelika.

Fizi nazo zinafanya hivyo? Mimi meno yangu mawili ya juu yamekuwa marefu, na yanatikisika. Sioni damu.

#7 Mwana wa Pongwe

Shikamoo nahodha. Zinafanya hivyohivyo, na umeniokoa kueleza.

Kalafati ikioza, ukoga unateremka chini ya fizi. Mfereji wa milimita 2 unakuwa mfuko wa 5, wa 7. Humo mswaki haufiki. Madini ya mate yanaugandisha ukoga wa juu kuwa ugaga wa njano. Ule wa chini ya fizi unapata madini kutoka kwenye majimaji ya fizi yenyewe, na huwa mweusi au wa kijani kilichokolea. Ndio niliouona kwenye gego la baba. Mwili ukiona adui anashuka, unaondoa mfupa wake mwenyewe ili usifikiwe. Kano zinakatika kuanzia juu kwenda chini. Kwa kawaida ukingo wa mfupa unakaa milimita 1.5 hadi 2 chini ya shingo ya jino; ukishuka, fizi nayo aghalabu inaufuata, na ndiyo sababu meno yako yameonekana marefu. Hayakurefuka, mzee wangu. Ardhi ndiyo imeshuka.

Haya yote yanaweza kutokea bila maumivu. Maumivu makali ya jino ni ya tundu lililofika kwenye mshipa wa ndani. Ugonjwa wa vishikizi, yaani wale wanne wanaoshika jino, unakula kimya miaka kumi, ishirini.

Nikuulize kwa heshima: unavuta?

#8 Nahodha Mstaafu

Marahaba. Navuta tangu ujana. Pakiti moja, siku nyingine zaidi.

#9 Mwana wa Pongwe

Basi jibu la damu limepatikana, na ndilo nililompa baba pia, kwa sababu naye aliniuliza, "Mbona damu sikuwahi kuiona?" Baba alivuta tangu enzi za kambi za mkonge.

Moshi unabana mishipa midogo ya damu ya fizi na kuzubaisha askari wa mwili. Fizi ya mvutaji inakula mfupa haraka zaidi, na hapohapo haitoi damu kama ya mwenzake. Yule mlinzi anayepiga kelele amezibwa mdomo. Natamani kila mvutaji wa mji huu aisikie hiyo sentensi moja. Na akiacha, mlinzi anarudi: wengine wakiacha sigara wanaona damu kwenye fizi kwa mara ya kwanza na kudhani wameharibika.

Nahodha, njoo upimwe mifuko na upigwe eksirei. Jino linalotikisika kidogo bado linaweza kubaki miaka mingi likisafishwa chini ya fizi. Mfupa uliokwenda haurudi wenyewe, lakini uliobaki unaweza kusimama hapo ulipo.

#10 Kibarua wa Amboni

Samahani mtoa mada, hapo kwenye kusafishwa sikubaliani. Shemeji yangu alikwenda kusafishwa meno kwa mashine mahali fulani, meno yalikuwa yameshikana vizuri tu. Kurudi, yanacheza na yana mianya, maji baridi hayawezi. Ile mashine inalegeza meno. Mtaani kwetu kila mtu anajua.

#11 Mwana wa Pongwe

Ndugu, nimelisikia hili mara nyingi na silidharau, kwa kuwa shemeji yako hakudanganya. Alichokihisi ni kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemweleza kabla.

Ugaga ukijaa kati ya meno, unayaunga pamoja kama saruji iliyomwagwa kati ya tofali. Kano zimeshakatika chini kwa chini, meno yamesimama kwa kuegemeana na kushikwa na mwamba wa uchafu. Ukiuondoa, unaona hali halisi iliyokuwapo. Mianya ilikuwapo, ilikuwa imejazwa. Na fizi iliyokuwa imevimba inanywea, kwa hiyo mzizi unaachwa wazi; mzizi hauna enameli, lile gamba gumu la juu ya jino, ndiyo maana maji baridi yanauma wiki za mwanzo.

Kisha subiri. Uvimbe ukitoka, nyuzi zilizobaki zinakaza tena, na meno mengi yanatulia kuliko yalivyokuwa kabla. Ungeachwa ule mwamba, ungeendelea kuyashikilia mpaka siku yatakapotoka yote pamoja. Aliyemsafisha alipaswa kumwambia haya yote akiwa bado hajafungua kinywa, na kumpa siku ya kurudi. Hilo nakubaliana nawe kabisa.

#12 Mwalimu wa Tongoni

Naomba niingize historia, kwa sababu fizi zina kisa chao hapahapa kwetu.

Vasco da Gama alipozunguka kuja huku, watu wake waliugua Januari 1498 huko Quelimane, Msumbiji ya leo: mikono na miguu ilivimba, na fizi ziliwaota juu ya meno hata wakashindwa kula. Aprili mwaka uleule wakawa wanapita mbele yetu, na jahazi lao moja, São Rafael, likapanda mwamba karibu na Mtangata, ndiyo Tongoni yetu. Wakiwa wamekwama hapo, wenyeji wakawaendea na mitumbwi miwili, mmoja umejaa machungwa. Wareno wenyewe waliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Maji yakajaa, chombo kikaelea, wakaenda Mombasa.

Kurudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi zikawavimba tena, na karibu watu 30 wakafa. Januari 1499 walipofika tena pale mwambani hawakuwa na mabaharia wa kutosha kuendesha vyombo vitatu. Wakaichoma moto São Rafael palepale.

Nikiwapeleka wanafunzi kwenye magofu, wakishaona makaburi na msikiti, huwa nawaonyesha bahari na kuwasimulia. Ila sijawahi kuwaeleza machungwa yana nini na fizi. Tabibu, nisaidie, nina kidato cha pili Alhamisi.

#13 Mwana wa Pongwe

Mwalimu, nimezaliwa kilomita chache tu kutoka Tongoni na sikukijua kisa hiki. Nimemsomea baba, akaniambia nisome tena.

Waeleze vijana hivi. Kano za jino zimetengenezwa kwa kolajeni. Uzi mmoja wa kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, kama kamba ya mkonge inavyosokotwa. Mwili ukitaka kuusokota usifumuke unahitaji vitamini C. Ikikosekana, seli zinatoa nyuzi mbovu zinazofumuka. Binadamu hawezi kuitengeneza vitamini C mwilini mwake, lazima aile.

Kwa nini fizi na meno ndiyo yaliyolia mapema? Hapa ndipo penye uzuri wake. Kolajeni ya kwenye ngozi inakaa muda mrefu kabla ya kubadilishwa. Ya kwenye kano za jino inabomolewa na kujengwa upya haraka kuliko karibu mahali popote mwilini, maana kamba hizi zinavutwa kila mlo na lazima zisukwe upya kila leo. Seli zilezile zinazosuka ndizo zinazofumua. Baharia akikosa vitamini C, ufumuaji unaendelea, usukaji unasimama. Kitanda kinafumuliwa usiku na mchana na hakuna anayetia kamba mpya. Ndani ya miezi michache jino linaning'inia. Fizi nazo zinavuja damu kwa kuwa kuta za mishipa midogo nazo ni kolajeni.

Waongezee James Lind, daktari wa meli za Uingereza. Mwaka 1747, ndani ya meli Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye ugonjwa huohuo, akawagawa wawiliwawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu, ndani ya siku sita tu. Watu wa Mtangata walikuwa wameshayapeleka kwenye mtumbwi karibu miaka 250 kabla.

Jambo moja tu, mwalimu, wasiondoke nalo vibaya: damu ya fizi tunayoiona kliniki leo, kwa sehemu kubwa kabisa, inatokana na ukoga. Mtu anayekula machungwa, maembe na mchicha halafu hapigi mswaki fizi zitamvimba vilevile.

#14 Mwalimu wa Tongoni

Nimechapa, naenda nalo darasani. Mungu akulipe.

#15 Dada wa Makorora

Bibi yangu husema kila mimba inaondoka na jino moja. Mimi nina mimba ya miezi mitano na fizi zimevimba kama nimepigwa.

#16 Mwana wa Pongwe

Hongera, Mungu akufikishe salama. Mtoto hachukui kalsiamu kwenye meno yako. Homoni za ujauzito zinafanya fizi zijibu kwa ukali zaidi kwa ukoga uleule mdogo. Mama akiona damu anaacha mswaki, akitapika anaacha mswaki, na hapo ndipo jino la bibi linapopatikana. Piga mswaki, ukitapika sukutua kwanza kwa maji, na usiogope kusafishwa ukiwa mjamzito; huu mwezi wa tano ndio wakati mzuri hasa. Mwambie kliniki ya wajawazito.

#17 Mama Watatu wa Sahare

Tabibu, nimesoma yote nikilia kidogo, naomba nisemee hapa.

Mwaka jana mwanangu wa miaka tisa alianguka na baiskeli. Jino la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake. Nililiokota, lilikuwa na mchanga, nikalisugua kwa sabuni likatakata. Nikamkimbiza kwenye kituo kimoja cha afya, wakamsafisha, wakasema jino limeshatoka basi, litupe. Tulirudi, akalirusha juu ya paa kama anavyorusha ya utotoni. Sasa ana pengo na wenzake wanamcheka. Lingeweza kurudi?

#18 Mwana wa Pongwe

Pole sana mama. Ulifanya alichoweza kufanya mzazi yeyote, na wewe ndiye uliyeliokota na kukimbia. Nakujibu kweli kwa sababu una wengine wawili.

Jino la ukubwani likitoka zima, kano zinakatika katikati. Nusu ya nyuzi na seli zake inabaki tunduni, nusu inabaki imeng'ang'ania mzizi. Zile za kwenye mzizi ni hai. Zikirudishwa zikiwa hai, zinashikana tena. Zikikaushwa, ndani ya nusu saa hadi saa moja nyingi zinakufa. Jino likirudishwa na kano zilizokufa, mfupa unaugusa mzizi moja kwa moja, unaudhania ni mfupa mwenzake, unaanza kuubomoa na kuujenga hadi mzizi unaisha. Ule mwanya wa karatasi mbili ndio unaouzuia mfupa usile jino.

Kwa hiyo, kwa kila mzazi anayesoma: shika jino kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze sekunde chache tu kwa maziwa au maji safi. Usisugue, usitie sabuni. Mtoto akiwa ametulia na anaelewa, lirudishe tunduni palepale, aume kitambaa, mkimbie. Ukishindwa, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi. Maji ya kawaida hayafai kulihifadhia, seli zinavimba na kupasuka. Hii ni kwa meno ya ukubwani tu; la utotoni halirudishwi, linaweza kuumiza linalokuja chini yake.

Mwanao bado ana njia. Mlete tuangalie jinsi ya kuziba pengo wakati taya linakua.

#19 Kibarua wa Amboni

Na maji ya dafu je? Huku maziwa si kila nyumba, dafu lipo.

#20 Mwana wa Pongwe

Swali zuri. Dafu limejaribiwa maabara, majibu yakatofautiana, na lina uchachu ambao seli haziupendi. Maziwa kwanza, na duka la jirani linayo ya pakiti. Hakuna kabisa? Aliyepata ajali atemee mate yake kwenye kikombe, jino likae humo. Kukauka ndiko kunakoua.

#21 Dada wa Raskazone

Mimi naulizia mama. Aling'olewa meno yote ya chini, akatengenezewa meno ya bandia yakamkaa sawasawa. Mwaka wa pili sasa yanaelea, anakula uji tu. Fundi anasema hajakosea kipimo.

#22 Mwana wa Pongwe

Huenda kweli hakukosea. Mfupa unaobeba meno unaishi kwa ajili ya meno. Kano zinapouvuta kila siku, zinauambia upo kazini. Jino likitoka, zile kamba hazivuti tena, na mfupa unaanza kujiondokea. Kwenye pengo la jino moja, karibu nusu ya upana wake inaweza kupotea ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya hiyo ndani ya miezi mitatu. Meno ya bandia yametengenezwa juu ya kilima, kilima kimekuwa tambarare. Ya mama yako yanaweza kuongezewa kitako upya, arudi kwa fundi yuleyule na aombe hivyo. Na apimwe sukari kama hajapima karibuni. Kisukari na ugonjwa wa vishikizi vya meno vinachochea moto wa kila kimoja: sukari ikipanda fizi zinaharibika upesi, na fizi zenye usaha zinafanya sukari iwe ngumu kushuka.

#23 Nahodha Mstaafu

Nimekwenda leo asubuhi. Mifuko ya milimita 6 na 7 kwa yale mawili, mengine afadhali. Wamesafisha upande mmoja kwa ganzi, Jumatano upande wa pili. Sigara nimewapa vijana wa gatini, siku ya tatu leo. Kazi ngumu kuliko kaskazi.

#24 Mwana wa Pongwe

Nahodha, umenifurahisha hadi nimempigia baba simu. Ukiona damu wiki ijayo usishtuke.

#25 Binti Chumbageni

Nimerudi kama nilivyoahidi. Siku ya 13. Siku nne za kwanza sinki lilikuwa jekundu nikataka kuacha. Siku ya nane nyuma kushoto pakakauka kabisa, hata nikipiga kwa nguvu kidogo. Ila mbele chini, upande wa ulimi, bado panatoka, na nikipitisha ulimi nasikia pamekwaruza.

#26 Mwana wa Pongwe

Hiyo ya kukwaruza ni ugaga. Hapo nyuma ya meno ya chini ndipo mate yanapomwagikia kutoka chini ya ulimi, kwa hiyo hugandia hapo kwanza kwa kila mtu. Mswaki hauwezi kuuondoa, na usijaribu kwa pini wala kisu. Njoo Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, foleni huwa fupi. Baba naye nitakuwa naye, amekubali kupimwa yaliyobaki.